Muvi tatu za Waingereza za mateka kutoroka kambini: uanze na The Wooden Horse, The Colditz Story au The One That Got Away?

Jumamosi iliyopita shemeji yangu kanipigia, ana bando la usiku, umeme upo, watoto washalala, anataka muvi ya vita ila hataki ile ya mabomu mwanzo mwisho, anataka ya watu wanaotumia akili. Nikamtajia tatu. Akanijibu, "Sasa shem si uniambie moja tu niangalie nilale." Nikashindwa kumtajia hapohapo, maana hizi tatu nimezirudia mara nyingi sana, kila moja naipenda kwa sababu yake, na nimeshaona mtu anaanza na isiyomfaa, dakika ya 20 kashachoka, halafu anakuambia muvi za zamani zinaboa. Haziboi. Kaanzia pabaya tu.

Zenyewe ni hizi. The Wooden Horse ya 1950, ya mwongozaji Jack Lee. The Colditz Story ya 1955, ya Guy Hamilton, huyuhuyu aliyekuja kuongoza Goldfinger ya James Bond. Na The One That Got Away ya 1957, ya Roy Ward Baker. Zote za Uingereza, zote nyeusi na nyeupe, zote zimetokana na mambo yaliyotokea kweli kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na zote zinahusu kitu kimoja: mtu kafungiwa ndani ya seng'enge na anataka kutoka.

Najua mtu atauliza mbona The Great Escape haipo. Ile ya 1963 ni ya Wamarekani, ina rangi, inakaribia saa 3, na wengi mmeshaiona au angalau mmeona kile kipande Steve McQueen anaruka na pikipiki, ambacho kwenye tukio halisi hakikuwepo. Naiheshimu na nitaigusa huko chini, lakini leo tunachagua kati ya hizi ambazo hazitajwi sana.

Nimezipima vipi

Mambo matano, yaleyale kwa zote. Wanatokaje (maana ndicho tulichofuata), watu wenyewe utawashika moyoni au la, ukweli wake ni kiasi gani, presha na mwendo wa stori, halafu yale ya nyumbani: urefu, Kiingereza chake, unaweza kuangalia na nani. Maksi sijaweka, ukishaweka maksi mtu anasoma namba anaacha maelezo, na kwenye hizi muvi maelezo ndiyo yenye kazi.

Wanatokaje

Hapa nitakaa kidogo, hasa kwa The Wooden Horse, maana sijaona muvi nyingine inayokuonyesha kazi ya kutoroka hatua kwa hatua namna ile.

Kambi inaitwa Stalag Luft III, ya wanajeshi wa anga, karibu na Sagan, kama kilomita 160 kusini mashariki mwa Berlin. Siku hizi pale ni Polandi na mji unaitwa Żagań. Wajerumani waliijenga kwa hesabu kabisa. Mabweni yameinuliwa juu ya ardhi ili mlinzi akiinama aone kama kuna anayechimba chini. Yako mbali na seng'enge, kwa hiyo ukianzia bwenini handaki lazima liwe refu mno. Ardhini wamefukia maikrofoni za kunasa mtikisiko. Na mchanga wenyewe ni msaliti, juu wa kijivu, chini kidogo tu unatoka wa njano unang'aa, ukimwaga ngumi moja pale uwanjani mlinzi ameshajua.

Sasa walichofanya wale jamaa, wakaunda sanduku la mazoezi, lile la kuruka ambalo kwenye michezo ya viungo wanaliita farasi, kwa mbao za maboksi ya Msalaba Mwekundu. Kila siku wanalibeba hadi uwanjani, karibu na seng'enge, mahali palepale, na ndani amejikunja mtu. Wenzake wanaruka, wanaruka, wanaruka, walinzi wanaangalia mpaka macho yanazoea, na chini ya sanduku yule bwana anafukua na bakuli. Mishindo ya wanaoruka inafunika mtikisiko wake. Muda ukiisha anaziba tundu na ubao, anarudishia mchanga wa kijivu juu yake, anabebwa kurudi ndani pamoja na mifuko ya mchanga wa njano. Kuanzia Julai hadi Oktoba 1943, siku baada ya siku, mpaka handaki likazidi mita 30. Hewa wanapata kwa kutoboa vitundu juu na fimbo ya chuma.

Kinachonishika mimi hata siyo wale wachimbaji. Ni warukaji. Wanaotoka ni watatu tu, na wale wengine wote wanalijua hilo. Wanakula kidogo, wana njaa, jua linawaka au mvua inanyesha, na wanaruka kila siku kwa ajili ya safari ambayo wao hawamo. Muvi haikuhubirii juu ya hilo, inakuonyesha tu wanavyohema. Nusu ya pili ni ya safari yenyewe, treni, vitambulisho feki, mji wa bandari, kutafuta meli itakayowafikisha Uswidi.

The Colditz Story ni kazi tofauti kabisa. Colditz ni ngome ya kale huko Saxony, Ujerumani, imekaa juu ya mwamba na mto Mulde uko chini yake. Wajerumani waliigeuza kambi ya maofisa walioshindikana kwingine, yaani umewahi kutoroka ukakamatwa, unaletwa huku. Fikiria maana yake. Umekusanya watoro sugu, Waingereza, Wafaransa, Waholanzi, Wapolandi, wote jengo moja. Kwa hiyo humu hamna mpango mmoja, kuna mipango kila kona, na mwingi unaharibika. Tena mwanzoni unaharibiwa na wao wenyewe, hawa wanachimba hapa bila kujua wale wana lao pale, la mmoja linafichuliwa na la mwenzake linakwenda nalo. Wenyewe walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Ndipo wanakubaliana kila taifa liwe na ofisa wa mambo ya kutoroka, mipango ipite kwake. Kwa Waingereza anakuwa Pat Reid, anayeigizwa na John Mills. Ukiniuliza muvi hii inahusu nini hasa, nitakuambia inahusu watu wa lugha nne kujifunza kuaminiana wakiwa na njaa, na sare za Kijerumani za kushona kwa mkono, na ukumbi wa maigizo ambao una faida nyingine zaidi ya maigizo.

The One That Got Away inageuza meza. Mateka ni Mjerumani, kambi ni za Waingereza. Franz von Werra, rubani wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, ndege yake iliangushwa Kent, kusini mwa Uingereza, tarehe 5 Septemba 1940. Huyu silaha yake ni mdomo na roho ngumu. Anajaribu mara ya kwanza kule Grizedale Hall, kaskazini mwa Uingereza, yuko kwenye matembezi ya mazoezi na walinzi wapo, anaruka ukuta anapotea milimani kwenye mvua. Wanamkamata. Mara ya pili kambi ya Swanwick, Desemba 1940, wanachimba handaki, anatoka, halafu badala ya kujificha anakwenda kujitambulisha kuwa ni rubani Mholanzi wa jeshi la anga la Uingereza aliyeanguka na ndege, na anaongea vizuri mpaka anafikishwa kituo cha ndege cha Hucknall, anakaa kwenye kiti cha Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza, yuko tayari kuondoka nayo. Kile kipande cha Hucknall, aisee, simu inapigwa huku kuulizia habari zake na yeye anapiga stori huku anatafuta mlango, mimi huwa nasimama kwenye kiti. Mara ya tatu ni Kanada, Januari 1941, anarukia nje kwenye dirisha la treni kwenye theluji na kuelekea mto St. Lawrence ulioganda, ng'ambo ni Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaingia vitani.

Watu wenyewe

Kwenye The Wooden Horse ni Leo Genn, Anthony Steel na David Tomlinson (ukiangalia vizuri utamkumbuka, ndiye baba wa watoto kwenye Mary Poppins). Ni watu wa kimya. Hakuna anayelia, hakuna anayehutubia, hofu unaiona kwenye mikono. Kuna watakaosema wamepoa mno, na kama wewe unapenda mtu aseme anachohisi basi hapa utapata shida kidogo.

Colditz imejaa sura. John Mills yuko poa sana, Eric Portman ni kanali mkubwa wa Waingereza ambaye mwanzo unamwona mkavu halafu taratibu unamwelewa. Kuna utani mwingi, wanawachokoza walinzi mchana kutwa, maana mfungwa anayecheka bado hajashindwa. Ila katikati ya utani kuna vitu vizito, kuna Mpolandi anayegeuka mtoa habari kwa sababu watu wake wameshikwa huko nyumbani, na kuna jamaa mmoja mrefu kupita kiasi, McGill, ambaye urefu wake unakuja kuwa tatizo kwenye mpango alioutunga yeye mwenyewe. Huyo siwezi kumwongelea zaidi bila kukuharibia.

Von Werra anabeba muvi peke yake. Aliyemwigiza ni Hardy Krüger, Mjerumani wa kweli, mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa na miaka 16 vita vikielekea mwisho. Von Werra wake ni kijana mzuri wa sura, mwenye majivuno, mjanja, na unajikuta umekaa mkao wa kumwombea afike. Halafu unakumbuka akifika anarudi kuendesha ndege za Hitler. Mimi jambo hilo linanisumbua kila nikiiangalia na naona ni vizuri linisumbue. Waingereza walioijaza kumbi za sinema 1957 ilikuwa ni miaka 12 tu tangu vita viishe, kuna waliobomolewa nyumba na Wajerumani, na wakakaa wakamwangalia huyu kama mtu. Ilihitaji ujasiri kuitengeneza ile.

Ukweli wake

The Wooden Horse ndiyo iliyokaa karibu zaidi na mwenye tukio. Eric Williams alitoroka kweli pamoja na Michael Codner na Oliver Philpot, tarehe 29 Oktoba 1943, akaja kuandika kitabu, na hadithi ya muvi akaiandika yeye. Majina yamebadilishwa, na mambo machache ya safari. Philpot kwa kweli alisafiri kwa treni mpaka bandari ya Danzig akijifanya mfanyabiashara wa majarini kutoka Norwei, Williams na Codner wakapitia bandari ya Stettin, na wote watatu wakafika Uswidi.

Hapa ndipo The Great Escape inaingia. Kambi ni hiyohiyo, ila eneo lingine la kambi, miezi mitano baadaye. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 walitoka watu 76. Watatu tu ndio waliofika salama. Waliokamatwa ni 73, na kati yao Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, waliwaua 50. Ukishajua hilo, ile furaha ya mwisho ya The Wooden Horse unaiangalia na kitu kooni. Na Codner mwenyewe, baada ya kupona yote yale, aliuawa mwaka 1952 huko Malaya, nchi ya Asia ambayo siku hizi ni sehemu ya Malaysia.

Colditz imechukua matukio ya miaka kadhaa ikayasokota kuwa kamba moja. Pat Reid alitoroka kweli, Oktoba 1942, yeye na wenzake watatu wakafika Uswisi, na kitabu ni chake. Lakini ule mpango wa sare na ukumbi wa maigizo unafanana zaidi na wa Airey Neave, aliyetoka Januari 1942 na Mholanzi Tony Luteyn. Ofisa Mike Sinclair alipigwa risasi akafa pale Septemba 1944, na ukiangalia muvi utajua kwa nini nimemtaja. Kuna kitu pia hakimo na huwa natamani kingekuwemo, wafungwa wa Colditz waliunda ndege isiyo na injini darini, mwaka 1944 na 1945, kwa siri, ila vita vikaisha kabla haijaruka.

The One That Got Away inafuata njia ya von Werra vizuri, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, kwa hiyo mengine tunayapokea kutoka mdomoni mwake. Alirudi Ujerumani kweli, akarudi kurusha ndege, na Oktoba 1941 ndege yake ikaanguka baharini karibu na Uholanzi, akafa.

Kitu kimoja zote tatu haziwaambii, nawaambia mimi. Hawa wote ni maofisa. Mkataba wa Geneva wa 1929, ule wa mataifa kuhusu mateka wa vita, haukuruhusu ofisa mateka kulazimishwa kazi, ndiyo maana walikuwa na muda wa kuruka sanduku na kufanya maigizo. Askari wa kawaida walikuwa wanapelekwa kufanya kazi. Na mateka wa Kisovieti mikononi mwa Wajerumani walikufa kwa mamilioni, kwa njaa, baridi na risasi. Ukiangalia hizi muvi ukadhani ndivyo mateka wote walivyoishi utakuwa umedanganyika vibaya sana, kwa hiyo ziangalie ukijua unaona upande gani.

Presha na mwendo

The Wooden Horse ni polepole na inabana taratibu, kama kamba ya ndoo unavyoizungusha mkononi. Nusu ya kwanza presha ni ya kurudiarudia kitu kilekile ukijua siku moja tu mlinzi akiwa na udadisi basi. Ya pili ni ya mtaani, kila anayekuangalia treni nzima unahisi kajua. Ukiwa na haraka utaichukia.

Colditz inapanda na kushuka, dakika hii unacheka, ile roho juu. Haikai sehemu moja ikakuchosha. Ubaya wake ni huohuo, ukishaanza kulowa kwenye mpango fulani wanahamia mwingine.

The One That Got Away inakimbia. Ila ina vilima vitatu, na baada ya kile cha Hucknall wengine huwa wanahisi umeshaisha, kumbe Kanada bado, na pale kwenye barafu mwongozaji anaacha maneno karibu yote, unabaki na upepo na mtu. Mimi naiona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, shemeji mwingine ninayemjua alilala palepale.

Ya nyumbani

Colditz ndiyo fupi, saa 1 na nusu na kidogo. The Wooden Horse kama dakika 100. Von Werra inakaribia saa 2. Picha za bafuni na kitandani hamna, matusi hamna, damu ni kidogo sana, unaweza kukaa na mama mkwe sebuleni bila kutafuta rimoti. Watoto wa miaka 10 na kuendelea wanaelewa, hasa sanduku la kuruka.

Kiingereza chao ndicho cha kizamani cha maofisa, wanaongea haraka na midomo imebana, kwa hiyo weka maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Wa Colditz ndio wagumu zaidi kwa sababu ya utani. Krüger anaeleweka kirahisi, anakiongea kama mgeni, anatamka neno zima.

Nani achukue ipi

Wewe ni fundi, au mtu wa kupenda kujua kitu kinafanyikaje, seremala, injinia, yule anayefungua redio kuona ndani, chukua The Wooden Horse na uiangalie usiku mtulivu simu ukiwa umeweka pembeni.

Mko wengi sebuleni, kuna anayetaka kucheka na anayetaka vita, au umechoka na una saa 1 na nusu tu, The Colditz Story. Pia kama unaongoza watu, timu, kikundi, hata kamati ya harusi, utaona mambo yako mle.

Uko peke yako, unapenda mtu mmoja dhidi ya dunia, au umechoka na muvi ambazo adui ni kinyago tu, basi The One That Got Away. Usimpe hii mtu ambaye familia yake iliumizwa na vita bila kumwambia kwanza shujaa ni nani.

Umeshaiona The Great Escape ukaipenda, nenda The Wooden Horse, ni ardhi ileile. Hujawahi kuangalia muvi nyeusi na nyeupe hata moja, anza na Colditz au von Werra, ya sanduku iache ije ya tatu. Shemeji nilimuuliza tu, "Umechoka?" akasema sana, nikampa Colditz, na asubuhi kanitumia sauti ya dakika 4 kuhusu yule jamaa mrefu.

Na kama umezimaliza zote unataka stori ya kwetu, tafuta habari za Felice Benuzzi. Mateka Mwitaliano, kambi ya Nanyuki, Januari 1943. Yeye na wenzake wawili walitoroka siyo kurudi Italia, walitaka kupanda Mlima Kenya, na picha waliyotumia kama ramani ilikuwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Wawili wakafika kilele cha Lenana wakasimika bendera, halafu wakashuka, wakarudi wenyewe kambini. Wakahukumiwa siku 28 za selo, mkuu wa kambi akawatoa baada ya 7. Ukiwa Nanyuki asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda, toka nje tu, utaona walichokuwa wanakiona kupitia seng'enge.